Nani wa kulaumiwa? Jinsi ya kuwafundisha vijana dhima ya jinai na haki ya mtoto mbele ya sheria

Masomo mengi ya sheria kwa vijana huanza na pingu. Anaalikwa mtu mwenye sare, anasimama mbele, anataja makosa na miaka ya kifungo kana kwamba anaita mahudhurio, kisha anauliza kama kuna swali. Hakuna. Vijana wanapiga makofi na kutawanyika, na karibu kila mmoja wao anamjua mtu aliyefanya kosa lile lile na hakukamatwa.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kufundisha hivyo. Niliacha baada ya kusoma yaliyotokea Marekani, ambako tangu miaka ya 1970 vijana walipelekwa magerezani ili wafungwa wa muda mrefu wawafokee na kuwatisha. Watafiti walipolinganisha waliopelekwa na wenzao ambao hawakupelekwa, walikuta waliotishwa ndio waliorudi kufanya makosa zaidi. Kwa kijana, woga hukaa siku mbili tatu. Ukiondoka, hubaki ushujaa wa kusimulia.

Ninachofanya sasa ni kumzoeza kijana kutenganisha maswali matatu ambayo sisi watu wazima huyavuruga pamoja tukiwa na hasira. Nini hasa kimetendeka? Aliyetenda alijua nini na alikusudia nini? Na kwa umri wake, afanyiwe nini sasa? Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 17, kundi la watu 15 hadi 25, vikao vitatu vya dakika 80 hivi. Kundi kubwa zaidi ya hapo litakuwa la kusikiliza tu, si la kujadili.

Hatua ya 1: Isome sheria ya nchi yako kabla hujafungua mdomo

Tafuta mambo manne, na uyatafute kwenye sheria yenyewe iliyochapishwa, usitegemee daftari la kikao cha mwaka juzi. La kwanza ni umri wa chini ambao mtoto anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. La pili, kama kuna umri wa katikati ambapo mtoto huchukuliwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuelewa ubaya wa tendo lake mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. La tatu, umri ambao mtu anaacha kuwa wa mahakama ya watoto. La nne ni polisi wanaruhusiwa kumshikilia mtoto kwa muda gani kabla ya kumfikisha mahakamani, na wanatakiwa kumjulisha nani.

Tarehe ya sheria uliyoshika ni muhimu kuliko unavyodhani. Kenya ilipandisha umri wa chini kutoka miaka 8 hadi 12 kwa sheria ya watoto ya mwaka 2022. Uskoti ilitoka 8 hadi 12 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019. Vijitabu vyenye tarakimu za zamani bado vipo kwenye kabati na kwenye simu za watu, na havina aibu.

Ukishayapata, mtafute mwanasheria au afisa ustawi wa jamii akuthibitishie. Ukipata anayekubali kukaa kwenye kikao cha tatu kujibu maswali, umebahatika. Mwombe tu asije na hotuba.

Hatua ya 2: Weka kanuni za chumba

Katika kila kundi la vijana 20, chukulia kwamba yupo mwenye ndugu gerezani, yupo aliyewahi kulala kituoni, na yupo aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyefanyiwa jambo baya zaidi. Huwajui ni akina nani, na hupaswi kuwafichua mbele ya wenzao.

Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba hakuna anayesimulia kesi yake wala ya jirani yake. Tunazungumza kuhusu watu wa kubuni. Ya pili ni ngumu kidogo kuisema, lakini iseme mapema: mtu akiniambia jambo linaloonyesha kwamba yeye au mtoto mwingine yuko hatarini, sitalifanya siri, nitatafuta msaada, na nitamweleza yeye kwanza. Kijana ana haki ya kujua mipaka ya usiri wako kabla hajaufungua moyo wake. Mtu anayeahidi kutunza siri zote huishia kuvunja ahadi siku ile ile ambayo mtoto anamhitaji.

Anayetaka kutoka nje anatoka, bila kuulizwa sababu.

Hatua ya 3: Leta kisa kimoja, na uwaite wahusika kwa umri wao

Huu ndio uti wa mgongo wa somo zima, kwa hiyo usiharakishe. Sitoi majina kwa wahusika. Majina huleta utani darasani na kumwaibisha mwenye jina hilo. Nawaita kwa umri: Wa Tisa, Wa Kumi na Tatu, Wa Kumi na Sita na Wa Kumi na Tisa.

Wa Kumi na Tisa anaijua ofisi moja ambayo dirisha lake la nyuma halifungi vizuri. Yeye hapiti hapo, ni jembamba. Anamwambia Wa Tisa kwamba ndani kuna kompyuta yake aliyoisahau, aingie amtolee. Wa Kumi na Tatu, dada yake Wa Tisa, anaambiwa asimame kwenye kona na apige mluzi akiona mtu anakuja. Haambiwi kwa nini, naye haulizi. Wa Kumi na Sita hakuwapo usiku ule. Kesho yake anauziwa ile kompyuta kwa bei ya kutupa, anaiwasha, anakuta picha za familia asiyoijua, anazifuta zote.

Soma kisa mara mbili. Kisha waite vijana wanne wabebe karatasi zenye umri huo, na uwaambie waliobaki wawapange kwenye mstari kuanzia mwenye lawama kubwa hadi mwenye lawama ndogo. Wape dakika kumi wazozane. Usiingilie. Mara nyingi Wa Kumi na Tisa hukaa mbele bila ubishi, na Wa Tisa nyuma kabisa. Vita huwa kati ya wale wawili wa katikati. "Dada hakugusa kitu!" atasema mmoja. "Alijua, usiku usiku unasimamishwa kwenye kona upige mluzi, hujui?" atajibu mwingine. Hapo ndipo unapotaka wafike.

Andika ubaoni mpangilio waliokubaliana na uuache hapo hapo. Mtaurudia mara mbili.

Hatua ya 4: Tenganisha tendo na nia

Sasa eleza kwamba kwa makosa mengi mahakama hutafuta vitu viwili kwa pamoja, yaani tendo na nia. Anza na mfano mdogo. Umetoka kwenye mkutano, umebeba mwavuli mweusi ukidhani ni wako, kumbe ni wa mwingine. Umechukua mali isiyo yako, hilo halina ubishi. Je, umeiba? Karibu wote watasema hapana, na wakishasema hapana wameshaielewa nia bila kukariri tafsiri yake. Kisha pindua: umefika nyumbani, umegundua si wako, umesema "wacha nikae nao". Je, sasa? Waache waone jinsi kitu kilekile mkononi kilivyobadilika kwa sababu kichwa kimebadilika.

Rudi kwa Wa Tisa. Yeye ndiye aliyeingia, yeye ndiye aliyeshika. Lakini aliamini kompyuta ni ya aliyemtuma. Hata umri wake ungewekwa kando, nia ya kuiba haipo. Kwa kawaida sheria humhesabu mtu mzima aliyemtumia mtoto asiyejua kuwa ndiye aliyetenda, kana kwamba mkono wa mtoto ulikuwa wake. Vijana hushangaa hapa, na ni mshangao mzuri. Walimweka nyuma kwa sababu ya udogo wake, si kwa sababu ya alichojua.

Kwa Wa Kumi na Tatu, eleza kuhusu kushiriki. Kuwapo tu mahali kosa linapotendeka, peke yake, kwa kawaida si kosa. Kusaidia, kuchochea au kulinda mlango ni jambo jingine. Kinachoamua ni alichojua na alichokusudia, na hapo ndipo hata majaji huteleza. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba sheria ya ushiriki ilikuwa imechukua njia isiyo sahihi tangu miaka ya 1980. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu aliweza kutiwa hatiani kwa mauaji yaliyofanywa na mwenzake kwa sababu tu alitambua kwamba mwenzake anaweza kuua. Mahakama ikasema kutambua uwezekano huo ni ushahidi wa nia, lakini si nia yenyewe. Huhitaji kuingia ndani zaidi ya hapo. Inatosha vijana wajue kwamba swali wanalolizozania kwenye mstari wao limewasumbua watu wenye mavazi ya kijaji kwa miongo mitatu.

Wa Kumi na Sita atatetewa kwa nguvu: alinunua kwa pesa yake. Uliza: bei ya kutupa ilimwambia nini? Zile picha zilimwambia nini? Na kwa nini alizifuta? Kupokea mali ya wizi ni kosa linalojitegemea, na kufuta picha ndiko kunakomsema zaidi kuliko kununua.

Kabla ya kufunga hatua hii, gusa mambo mawili ambayo huwakamata vijana wakiwa hawana habari. Kutojua jambo, kama yule wa mwavuli, kunaweza kukutetea. Kutojua sheria, kwa kawaida hakukutetei. La pili ni simu. Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama aliyeitunza ni wa rika lake, hata kama mwenyewe ndiye aliyeituma, katika nchi nyingi inaangukia kwenye sheria kali zilizotungwa kwa ajili ya watu wazima wanaowanyanyasa watoto. Kuisambaza ni kosa kila inaposambazwa tena. Sema hili mara moja, wazi, bila kumtazama mtu yeyote usoni. Ukimya utakaofuata utakuambia kwamba wamesikia.

Hatua ya 5: Uchoreni mstari wa umri

Hapa wafundishaji wengi hutaja tarakimu moja na kupita. Ni kupoteza nafasi, kwa sababu tarakimu hiyo imewekwa na watu, na watu huibadilisha.

Andika umri wa chini wa nchi kadhaa ubaoni bila majina ya nchi, kisha waache wabashiri. Uingereza na Wales ni miaka 10. Uskoti, jirani yao wa mpaka mmoja, ni 12. Ujerumani ni 14. Denmark ni mfano ninaoupenda: ilikuwa 15, ikashushwa hadi 14 mwaka 2010, ikarudishwa 15 mwaka 2012. Mtoto wa Denmark hakukomaa zaidi mwaka 2010 na kupungukiwa akili mwaka 2012. Bunge ndilo lililobadili mawazo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 40, unazitaka nchi ziweke umri wa chini lakini hautaji namba. Kamati inayosimamia mkataba huo ilipendekeza mwaka 2019 kwamba usiwe chini ya 14. Waonye pia kwamba tarakimu peke yake hudanganya. Brazil haimshtaki mtu kijinai kama mtu mzima mpaka afike 18, lakini tangu miaka 12 kijana aliyetenda kosa anaweza kupewa hatua za lazima, hata kuzuiliwa katika kituo maalumu cha vijana. Ukiuliza "umri wao ni ngapi?" utapata jibu ambalo ni kweli na bado halikusaidii.

Halafu kuna lile eneo la katikati. Tanzania Bara, kwa mfano, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati wa kutenda alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kutenda. Uingereza ilikuwa na dhana kama hiyo kwa watoto wa miaka 10 hadi 14, ikaifuta mwaka 1998. Ukitaka kueleza ni kwa nini iliifuta, utalazimika kuitaja kesi ya Liverpool ya mwaka 1993, ambapo watoto wawili wa miaka 10 walimuua mtoto wa miaka miwili. Ni habari nzito. Mimi huisimulia kwa vijana wa miaka 15 na kuendelea tu, bila kueleza namna alivyouawa, na nikimtaja kwanza yule mdogo na familia yake.

Nitakwambia kwa nini bado huisimulia. Wale wawili walishtakiwa hadharani, katika mahakama ya watu wazima. Kizimba kiliinuliwa kwa ubao ili waweze kuona, na kuinuliwa kule kukawaweka wazi zaidi mbele ya macho ya watu waliojaa ukumbini. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba hawakupata kesi ya haki, kwa kuwa hawakuweza kushiriki ipasavyo katika yaliyokuwa yakiendelea. Ile mahakama haikusema hawakutenda. Ilisema mtu asiyefuata kinachosemwa kwenye kesi yake mwenyewe hajasikilizwa. Kijana akilishika hilo, ameelewa kwa nini mahakama ya watoto huwa faragha, kwa nini hakimu huongea kwa maneno mepesi, na kwa nini mzazi huketi karibu. Si bembelezo.

Watakuuliza kuhusu ubongo, maana wamesikia mahali. Wajibu kwa uangalifu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu wa rika mbalimbali mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Wenzao walipokuwapo, watu walithubutu zaidi, na athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Waulize: ni mambo gani mmewahi kufanya mkiwa watano ambayo kila mmoja peke yake asingefanya? Wajibu kimoyomoyo. Utaona wanavyotazamana.

Usiwaambie kwamba hawana akili timamu. Kijana wa miaka 15 anajua kuiba ni vibaya. Kinachomshinda mara nyingi ni zile sekunde kumi za kujizuia mbele ya rafiki.

Rudini kwenye mstari wenu ubaoni. Wapange tena wale wanne, safari hii kwa sheria ya nchi yenu. Yupi hawezi kushtakiwa kabisa? Yupi yuko eneo la katikati? Yupi ni wa mahakama ya watoto na yupi ni wa watu wazima? Mpangilio huu mpya hautafanana na ule wa kwanza. Andika wa pili chini ya ule wa kwanza.

Hatua ya 6: Tembeeni njia ya shauri, kwa miguu

Tandaza karatasi sakafuni kama hatua za safari: malalamiko, polisi, mzazi na wakili, uamuzi wa kumshtaki au kumchepusha (yaani kulimaliza shauri lake nje ya mahakama), mahakama, uamuzi, maisha baada ya hapo. Mmoja awe Wa Kumi na Tatu, atembee. Kila akikanyaga karatasi, kundi linamwambia ana haki gani hapo.

Kwenye karatasi ya polisi kaa muda mrefu. Hapa pana mambo ya kufanya, na wayarudie kwa mdomo mpaka yatoke bila kufikiri: usikimbie, usipigane, taja jina lako na umri wako wa kweli, sema unataka mzazi au mlezi wako na wakili, usitie saini karatasi usiyoisoma au usiyoielewa. Kutodanganya umri ni jambo la kusisitizwa. Kijana wa miaka 16 anayejitia 19 ili aonekane mkubwa mbele ya wenzake anaweza kujikuta mahabusu pamoja na watu wazima.

Kisha eleza kwamba kukaa kimya si kukosa adabu. Hili ni gumu katika jamii yoyote inayomfundisha mtoto kumjibu mkubwa anapoulizwa, kwa hiyo walimu na wazazi huona kama nawafundisha ukaidi. Wape historia ya New York mwaka 1989: vijana watano wa miaka 14 hadi 16 walituhumiwa kumshambulia na kumbaka mwanamke bustanini. Baada ya kuhojiwa kwa saa nyingi, walitoa maelezo ya kukiri. Wakafungwa. Mwaka 2002 hukumu zao zilifutwa, mtu mwingine alipokiri na vipimo vya vinasaba vikamthibitisha. Kwa nini mtoto akiri asilotenda? Wape vijana swali hilo kabla hujajibu. Majibu yao huwa mazuri kuliko yangu: amechoka, anataka kwenda nyumbani, anadhani ukweli utajulikana baadaye.

Karatasi ya mahakama nayo ina kisa chake, na huu ndio mchezo wa kuigiza ninaoupenda kuliko yote. Arizona, mwaka 1964, kijana wa miaka 15 aitwaye Gerald Gault alishikwa kwa tuhuma za kumpigia jirani simu ya maneno machafu. Wazazi wake hawakuarifiwa aliposhikwa. Mlalamikaji hakufika mahakamani hata siku moja. Hakukuwa na wakili, wala kumbukumbu za yaliyosemwa. Jaji akaamuru apelekwe shule ya wakosaji mpaka atimize miaka 21, yaani hadi miaka sita. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili.

Igizeni kesi hiyo kama ilivyokuwa. Inachukua dakika nne. Kisha waulize waliotazama: nini kimekosekana? Wataanza na wakili. Watamkumbuka mlalamikaji. Mmoja atauliza kwa nini hajaambiwa mashtaka yake mapema ajiandae. Andika kila wanachotaja, kisha waonyeshe uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1967: kujulishwa mashtaka kwa wakati, wakili, kumhoji shahidi anayekushtaki, kutolazimishwa kujishuhudia. Orodha yao na ya majaji itakaribiana sana. Kinachosikitisha ni kwamba mahakama ile ya watoto ilijengwa kwa huruma. Ya kwanza ilifunguliwa Chicago mwaka 1899 ili watoto wasichanganywe na wahalifu wakubwa. Huruma ndiyo iliyodhaniwa inatosha bila wakili.

Hatua ya 7: Baada ya kosa, nini?

Mpaka hapa mwenye kompyuta hajasema neno. Mlete. Kijana mmoja aandike, kwa dakika kumi, barua ya mwenye ofisi: kazi ya miezi iliyopotea, picha za mama yake aliyekwisha kufariki zilizofutwa, usingizi unaokatika kila dirisha linapogonga. Asome kwa sauti. Nimeona vijana waliokuwa wakimtetea Wa Kumi na Sita kwa kelele wakikaa kimya kabisa baada ya barua hiyo, jambo ambalo kifungu chochote cha sheria hakijawahi kuwafanya.

Sasa uliza: afanyiwe nini kila mmoja? Atatokea mtu wa kusema "samaki mkunje angali mbichi", na maana yake mdomoni mwake ni fimbo. Muulize anayekunja samaki anamkunja ili iweje. Kama ni ili aingie kwenye chungu, basi tuzungumzie chungu.

Mkataba wa Haki za Mtoto unasema kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa, na unakataza adhabu ya kifo na kifungo cha maisha kisicho na nafasi ya kuachiliwa kwa kosa lililotendwa kabla ya miaka 18. Njia nyingine zipo: onyo, kuchepushwa kutoka mahakamani, kazi za kijamii, usimamizi wa afisa ustawi, kulipa au kurekebisha kilichoharibiwa. New Zealand tangu mwaka 1989 huitisha mkutano wa familia ambapo kijana, ndugu zake, aliyekosewa akipenda, na maofisa hukaa pamoja kupanga kitakachofanyika. Igizeni mkutano huo kwa Wa Kumi na Tatu. Msimruhusu atoe samahani ya haraka. Mwenye ofisi amuulize: "Ulijua?" Na asubiri jibu.

Onyo moja ambalo husahauliwa. Kuchepushwa huhitaji kijana akubali kwa hiari kwamba alitenda. Asiyetenda asikubali ili tu mambo yaishe, maana hujui ile karatasi aliyotia saini itaibukia wapi. Azungumze na wakili kwanza. Na wale wanaouliza kama "faili litafutwa", wajibu kwa sheria ya nchi yenu iliyo mkononi mwako, maana kila nchi ina utaratibu wake.

Wapange wale wanne kwa mara ya tatu, safari hii kwa swali la tatu: nani anahitaji nini? Wa Tisa, aliyekuwa nyuma kabisa mara mbili, sasa mara nyingi husogezwa mbele. Mtoto wa miaka tisa aliye nje usiku na kuingizwa dirishani na mtu mzima hana kesi ya kujibu, lakini ana shida kubwa kuliko wote.

Hatua ya 8: Pima kwa kisa kipya, na uwe tayari kwa kesho yake

Usiwape mtihani wa tarakimu. Wape kisa kingine kifupi, tuseme kusukumana uwanjani ambapo mmoja anaangukia jiwe na kuumia kichwa, na uwaombe waandike bila jina: tendo ni lipi, nia ni ipi, umri unabadili nini, kifanyike nini. Anayetenganisha hayo manne ameelewa, hata kama amesahau Denmark.

Sanduku la maswali lisilo na majina liwepo tangu kikao cha kwanza. Yasome kabla ya kuyajibu hadharani, kwani mengine yatakuwa kesi halisi zilizovalishwa nguo za "rafiki yangu". Hayo usiyajibu kama wakili. Sema tu kwamba swali kama hilo lina mtu wa kuliulizia, na umtaje.

Kesho yake, au wiki moja baadaye, mmoja atakusubiri nje. Msikilize, usimhoji, usimwandikishe maelezo, usimwahidi kwamba hatashtakiwa. Mkumbushe kanuni ya pili ya chumba. Kisha msindikize kwa wakili wa msaada wa kisheria au afisa ustawi, usimpe namba na kumwacha aende peke yake.

Namba hizo ziwe zimebandikwa ukutani, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kuonekana. Na kabla ya kuzibandika, zipige wewe mwenyewe, jioni, muda ambao polisi huwakamata vijana. Isiyopokelewa iondoe.